Kutembea kando ya ziwa, mto na msituni katika Kaunti ya Montgomery, Maryland: mwongozo wa anayeanza

Kila mwaka majani yakianza kuchipua, mwezi wa nne hivi, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Kaka, zile picha ulipigia wapi?" "Kuna nyoka?" "Kuingia ni shilingi ngapi?" (wanasema shilingi kwa mazoea, wanamaanisha dola). "Watoto wataweza?" Wanaouliza wanakaa Silver Spring, Wheaton, Gaithersburg, Germantown, wengine huu ni mwaka wa kumi, na kila siku wanapita kwa gari juu ya kijito chenye njia nzuri ya miguu pembeni bila kujua. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita nikiamini msitu wa huku ni wa Wazungu wenye mbwa.

Basi nimeandika yote hapa mara moja. Ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Neno moja kabla hatujaanza, na ukisahau mengine yote hili ulishike: anza na ziwa, kisha mto, msitu uje mwisho. Njia inayozunguka ziwa ni vigumu kukupoteza. Maji yakiwa kushoto kwako mwanzo hadi mwisho, utatokea palepale ulipoacha gari. Njia ya mtoni inakupeleka mbali, na kila hatua uliyokwenda lazima uirudie. Msituni kuna njia panda. Wengi wanafanya kinyume: wameona picha ya maporomoko ya Great Falls, siku ya kwanza kabisa wanakwenda kupanda miamba ya Billy Goat na raba za kwenda kanisani, wanarudi magoti yamechubuka, na hiyo inakuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Vitu vya kuwa navyo

- Raba zenye soli ya meno, ulizokwisha kuzivaa mara kadhaa. Buti si lazima. Kandambili na viatu vya wazi acha nyumbani.
- Suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu, hata kama ni joto. Sababu ni kupe, nitaeleza.
- Maji: nusu lita kwa saa kwa mtu mzima, na mwezi wa saba ongeza. Ziwa na mto usinywe, hata kama maji yanaonekana meupe kama ya mvua.
- Kitu cha kutafuna. Chapati ya jana iliyokunjiwa yai hushinda biskuti zote za dukani.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza kupe na mbu. Soma kopo, tafuta yenye DEET asilimia 20 hadi 30.
- Kibano kidogo chenye ncha nyembamba, kile cha kutolea mwiba.
- Simu yenye chaji, na ramani ya eneo uliyoipakua kabla. Kwenye bonde la mto Potomac mtandao hukatika.
- Koti jepesi la mvua. Tochi ndogo kuanzia Oktoba hadi Machi.
- Mfuko wa taka. Hifadhi za jimbo, na ile ya mfereji wa zamani ulio kando ya Potomac, hazina mapipa ya taka. Ulichokuja nacho unaondoka nacho, mifupa ya kuku ikiwemo.
- Ukitarajia swala ikukute njiani, chupa ya pili ya maji ya udhu.

Kibali hakihitajiki. Bustani za kaunti ni za umma, zinaendeshwa kwa kodi, hasa ile ya nyumba na ardhi, na kuegesha gari ni bure. Zinafunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama. Kiingilio utakikuta sehemu mbili: Great Falls, wanakolipisha kwa gari, na Seneca Creek State Park, ambayo ni ya jimbo na hutoza Jumamosi na Jumapili za miezi ya joto. Bei hubadilika, iangalie siku unayokwenda.

Hatua 1: Chagua ziwa lako la kwanza

Maziwa ya kaunti hii yote yametengenezwa na watu kwa kuziba vijito, kwa hiyo kila moja lina ukuta wa bwawa upande mmoja. Ukiuona huo ukuta tayari una dira.

*Pine Lake*, ndani ya Wheaton Regional Park, ni kadogo. Unalizunguka chini ya nusu saa. Ni pazuri kwa wenye watoto wa miaka mitatu minne, tena hapohapo kuna treni ndogo na bembea ya farasi inayozunguka. Aliye na mama mgeni kutoka nyumbani, ambaye bado ana uchovu wa ndege, aanzie hapa.

*Lake Frank*, upande wa Rockville, ni kama maili 3 kulizunguka. Sehemu ni lami kuukuu, sehemu ni udongo.

*Clopper Lake*, ndani ya Seneca Creek State Park pale Gaithersburg, ni kama maili 3.7, yaani kilomita 6 hivi. Hili ndilo ninalowapeleka watu wangu. Njia yake ina kila kitu kidogokidogo: mizizi ya kukufundisha kuinua mguu, madaraja mafupi ya mbao, vilima vya kukutoa jasho bila kukuua. Halafu kuna yale magogo yaliyolala majini, ambako kobe hupanda juu kuota jua, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine kama watu kwenye foleni ya daladala. Mpwa wangu alihesabu kumi na saba kwenye gogo moja. Aliposogea, yule wa mwisho akaruka majini, na wote wakafuata mmoja mmoja, tumbwi, tumbwi, tumbwi. Mtoto aliyekuwa analilia kurudi nyumbani akakataa kuondoka.

*Little Seneca Lake*, pale Black Hill, Boyds, ni kubwa, ekari 505. Liliwekwa kuwa akiba ya maji ya eneo la Washington wakati wa ukame. Usijaribu kulizunguka siku ya kwanza. Nenda nusu saa, geuka, rudi.

Usiye na gari usikae nyumbani. Shuka treni ya mstari mwekundu kituo cha Forest Glen, tembea kidogo kuelekea mashariki, utakuta Sligo Creek Trail: njia ya lami kando ya kijito, tambarare, inayopita katikati ya mitaa ya watu. Na mabasi ya Ride On hayatozi nauli tangu katikati ya 2025.

Hatua 2: Jioni ya kabla, angalia mambo matatu

*Hali ya hewa.* Miezi ya sita hadi nane, asubuhi huwa shwari na jioni radi zinapiga. Ondoka nyumbani mapema ili ifikapo saa saba mchana uwe umemaliza. Ikiwa mvua kubwa imenyesha leo, mtoni nenda keshokutwa. Vijito vya huku hujaa kwa saa chache kwa sababu maji ya barabarani na ya mapaa yote yanaelekea humo, na daraja la mawe ulilovuka wiki iliyopita hutaliona.

*Machweo.* Hapa tunaumia sana sisi tuliozoea jua la nyumbani, linalozama saa kumi na mbili na dakika zake mwaka mzima. Huku mwezi wa sita jua linazama saa mbili na nusu usiku. Mwezi wa kumi na mbili linazama saa kumi na moja kasorobo, na msituni giza hutangulia. Nimeshakutana na familia nzima inaanza kutembea saa tisa na nusu alasiri katikati ya Desemba, mama ana mtoto mgongoni. Niliwageuza.

*Matangazo ya kufungwa.* Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Januari ni msimu wa kuwinda kulungu. Baadhi ya sehemu za Seneca Creek zinaruhusu uwindaji, na kaunti nayo hufunga baadhi ya bustani kwa siku maalumu ili kupunguza idadi yao. Tovuti za hifadhi hutangaza. Miezi hiyo vaa kitu cha rangi ya chungwa inayong'aa, kofia tu yatosha kuonekana, na usivae kahawia na nyeupe ukafanana na anayetafutwa.

Hatua 3: Jiandae nyumbani, siyo pakingi

Chomeka suruali ndani ya soksi. Ndiyo, utaonekana mshamba. Paka dawa kwenye vifundo vya miguu, shingoni, na mikono iliyo wazi. Ya usoni itie kwanza kwenye kiganja. Ukitaka kwenda mbele zaidi, kuna dawa ya kunyunyizia nguo na viatu iitwayo permethrin, ya asilimia 0.5. Hiyo ni ya nguo tu, hainyunyiziwi kwenye ngozi, na nguo lazima zikauke kabla ya kuvaliwa.

Usivae fulana ya pamba siku ya baridi. Pamba ikilowa jasho hushika maji, na ukisimama kupumzika unaanza kutetemeka. Jezi ya kuchezea mpira ni bora.

Hatua 4: Ukishaegesha

1. Pochi na laptopu visiachwe vinaonekana ndani ya gari. Bora usije navyo kabisa.
2. Piga picha ubao wa ramani ulioko mwanzo wa njia. Picha hiyo itakufaa kuliko kumbukumbu yako.
3. Piga picha pia ya mahali ulipoegesha, maana pakingi zinafanana.
4. Mtumie mtu ujumbe: uko wapi, unatarajia kumaliza saa ngapi.
5. Nenda choo sasa hivi. Mbele hakuna.

Hatua 5: Tembea

Chagua mkono wa maji na uushike. Clopper mimi huweka maji kulia.

Usiende kwa hasira. Kwenye udongo na mizizi, mtu mzima mwenye afya hufanya maili 2 kwa saa bila kujiumiza. Ukiwa na watoto hesabu maili 1 na ushukuru. Vibao vyote vya huku ni vya maili, na maili moja ni kilomita 1.6, kwa hiyo usione "3" ukadhani ni karibu.

Kaa upande wa kulia wa njia. Kwenye lami wapanda baiskeli watakupita kwa kasi. Watapiga kengele au watasema "on your left", maana yake anapita kushoto kwako. Usiruke kushoto! Kila mgeni huruka kushoto. Baki kulia, endelea kutembea hivyohivyo, mshike mtoto mkono.

Salamu: watu hutikisa kichwa au husema neno moja na kupita. Huhitaji kusimama kuulizana habari za nyumbani, ng'ombe na mvua. Ila ukikutana na Mhabeshi au Mkongo mwenye umri, simama tu, anatarajia.

Mbwa ndio wanaotutisha wengi wetu, nami sitawaambia "usiogope, hana neno" kama wenye mbwa wasemavyo. Sheria ya bustani za kaunti inataka mbwa afungwe kamba. Akija asiye na kamba, simama, usikimbie, kunja mikono kifuani, usimtazame machoni, na mwambie mwenyewe kwa sauti ya kawaida amshike. Ukihofia mate yake kwa ajili ya nguo za swala, sema tu hutaki aguse. Huna haja ya kueleza sababu.

Hatua 6: Jifunze kusoma miti

Kwenye njia za udongo utaona miti imepakwa mstari mfupi wa rangi, wima, usawa wa macho. Hiyo ndiyo njia yako. Seneca Creek Greenway, kwa mfano, ni buluu. Mistari miwili mmoja juu ya mwingine maana yake njia inakata kona, fungua macho; mara nyingi ule wa juu umesogezwa upande unaotakiwa kugeukia.

Jiwekee kanuni: ukitembea dakika tano bila kuona alama, simama. Rudi mpaka alama ya mwisho. Usiseme "itatokea mbele huko". Kulungu nao wana vijia vyao, tena vizuri vilivyokanyagwa, na vinaishia kwenye miiba.

Hatua 7: Panga saa ya kugeuka

Kwenye ziwa, ukifika nusu, kumaliza na kurudi ni umbali uleule. Mtoni siyo hivyo. Kabla hujaanza sema: "Ikifika saa nne kamili tunageuka," na mgeuke hata kama mnaambiwa daraja zuri liko mbele kidogo tu. Maji yakifika nusu chupa kabla ya saa hiyo, geukeni wakati huohuo.

Hatua 8: Ukifika nyumbani, kupe kwanza, chai baadaye

Hatua hii ndiyo watu wanairuka, na ndiyo muhimu kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tumekua tukijua kupe ni wa ng'ombe, mkubwa, unamwona. Huyu wa huku, kupe wa kulungu mwenye miguu myeusi, anapokuwa mchanga, mwezi wa tano hadi wa saba, ni mdogo kama mbegu ya mchicha. Ndiye anayeambukiza ugonjwa wa Lyme. Harukii mtu wala haanguki kutoka mtini. Anangoja kwenye ncha ya jani amenyoosha miguu ya mbele, wewe ukipita anajishika, kisha anapanda taratibu kutafuta mahali penye joto na unyevu. Ndiyo sababu ya zile soksi, na ndiyo sababu ya kutembea katikati ya njia bila kugusa nyasi za pembeni.

Habari njema ni kwamba kwa kawaida lazima awe amekung'ang'ania zaidi ya siku nzima ndipo akuambukize Lyme. Ukimtoa jioni ileile, umeshinda. Basi:

1. Nguo zote zivuliwe mlangoni na ziende moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10 kama ni kavu. Kuzifua tu kwa maji ya baridi hakumuui.
2. Oga ndani ya saa mbili.
3. Kagua kwapani, nyuma ya masikio, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, ndani ya nywele. Watoto wa kike waliosukwa, pitisha vidole kwenye mistari yote, taratibu.
4. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja juu, bila kupinda na bila kukurupuka. Safisha kwa sabuni au spiriti.

Nilimtoa mmoja nyuma ya goti la yule mpwa wangu, chini ya taa ya jikoni. Nilidhani ni kidoa cha chokoleti. Nilikikwangua kwa ukucha, kikabaki. Nikakaza macho, nikaona miguu inacheza. Mama yake alitaka tumpake mafuta ya taa, kama walivyofanya kwao. Hapana. Mafuta ya taa, kiberiti, vaselini, vyote vinamchokoza tu na kuchelewesha kazi. Kibano.

Andika tarehe. Kwa siku 30 zinazofuata angalia upele unaotanuka, homa, uchovu au viungo kuuma. Na hapa sikiliza vizuri: picha nyingi zinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi zetu duara hilo linaweza kuonekana kama alama ya kuvilia damu, ya zambarau au kahawia, au lisionekane wazi kabisa. Usingoje wekundu. Ukiona doa linakua, nenda hospitali na useme mapema kwamba ulikuwa msituni na uliumwa na kupe.

Hatua 9: Hamia mtoni

Ukishazunguka maziwa mara tatu nne, njoo kwenye mfereji wa C&O. Ulianza kuchimbwa tarehe 4 Julai 1828 kandoni mwa mto Potomac, ukafika mji wa Cumberland mwaka 1850, na mashua zilibeba makaa ya mawe mpaka 1924. Zilivutwa na nyumbu waliotembea pembeni (nyumbu mtoto wa punda na farasi, siyo yule wa Serengeti). Njia yao ndiyo tunayoipita leo: pana, tambarare, maili 184.5 kutoka Georgetown hadi Cumberland, na kila maili ina nguzo yenye namba.

Watu wote wanakimbilia Great Falls. Mimi nakupeleka kwanza Riley's Lock, lango la maji namba 24, mwisho wa barabara ndogo inayotoka River Road. Kuegesha ni bure. Pale mfereji ulivukishwa juu ya kijito cha Seneca kwa daraja la mawe mekundu, mawe yaleyale ya machimbo ya Seneca yaliyojenga jengo la zamani la Smithsonian mjini Washington. Tao moja lilibebwa na mafuriko ya 1971, na pengo lake bado unaliona. Tembea kuelekea Violette's Lock, namba 23. Ni chini ya maili moja, mto uko kulia kwako. Rudi. Umefanya njia yako ya kwanza ya mtoni.

Siku nyingine egesha Pennyfield, utembee mpaka Swains: maili 3 kwenda. Mwezi wa nne kando ya mto huota maua ya buluu, chini kote kama zulia.

Great Falls nenda asubuhi mapema, maana kufikia saa nne siku ya Jumamosi nzuri pakingi imejaa na foleni iko barabarani. Kutoka kwenye lile jengo la zamani la wageni, fuata njia ya nyumbu kuelekea chini mpaka madaraja ya kwenda kisiwa cha Olmsted. Hata bibi mwenye goti baya anafika kuona maporomoko. Mbwa hawaruhusiwi, kwa wanaotaka kujua.

Onyo la Potomac. Usiingie majini. Siyo kuogelea, hata kuosha miguu ni marufuku eneo lile. Juu maji yanaonekana yamelala. Chini kuna mkondo unaopita katikati ya miamba kwa nguvu ambazo muogeleaji wa Bahari ya Hindi hazijui. Watu wamekufa hapo, na wengi hawakuwa na nia ya kuogelea: waliteleza wakipiga picha. Kwenye maziwa pia kuogelea kumekatazwa, na miezi ya joto ukiona maji yamevaa utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, mtoto asiguse kabisa.

Hatua 10: Msitu, na Billy Goat mwisho kabisa

Kwa msitu anzia Northwest Branch pale Burnt Mills, Silver Spring, kando ya Colesville Road. Dakika chache kutoka barabarani unakuta maji yanapiga kelele kati ya mawe makubwa, na husikii gari. Kisha jaribu kipande cha Seneca Creek Greenway, ambayo kwa jumla ni zaidi ya maili 16. Kipande, nimesema.

Billy Goat sehemu A ina urefu wa maili 1.7 tu, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Unatumia mikono kama miguu. Kuna ukuta wa mwamba unaoparamia pembeni mwa mto. Mbwa hawaruhusiwi, na watoto wadogo mimi siwapeleki. Anzia upande wa juu wa mto uteremke nao, kama wengine wote, msije mkapishana mwambani. Nilimpeleka wifi yangu mwaka wangu wa kwanza wa kutembea, mwezi wa saba, saa sita mchana, chupa moja ya maji kwa watu wanne. Hadi leo kwenye harusi za ukoo hadithi hiyo inasimuliwa, na mimi siyo shujaa wake.

Mambo yakienda mrama

*Umepotea.* Simama, kunywa maji. Rudi mpaka alama ya mwisho. Usikate msitu. Ukishindwa piga 911, soma namba za mahali ulipo kutoka kwenye ramani ya simu. Kama uko kwenye mfereji, taja nguzo ya maili iliyo karibu. Wana wakalimani, omba wa Kiswahili.

*Radi inanguruma.* Toka karibu na maji, usijikinge chini ya mti mmoja mrefu, rudi kwenye gari. Ngoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

*Nyoka.* Wengi utakaowaona ni weusi, wasio na sumu. Mwenye sumu hapa ni copperhead: rangi ya shaba, mabaka ya kahawia yaliyobanwa katikati kama kiuno cha kinu. Hapendi ugomvi. Usimuue, zunguka mbali, na usitie mkono kwenye ufa wa mwamba usioona ndani. Akikuuma: 911, vua pete na saa, tulia. Usikate, usinyonye, usifunge kamba.

*Ngozi inawasha na imetoa malengelenge.* Huenda umegusa mmea uitwao poison ivy: vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, cha katikati kikiwa na kijiti kirefu. Ukikuta umepanda mti, shina lake lina nywele kama kamba ya katani iliyochakaa; nalo linawasha hata majira ya baridi bila majani. Wenye vijani vitano ni mmea mwingine. Osha haraka kwa maji ya baridi na sabuni ya vyombo, na viatu pia. Upele ukifika usoni au ukienea, muone daktari.

*Umekwama kwenye joto.* Kichwa kinauma, jasho jingi, kichefuchefu: kivulini, lowesha shingo, kunywa kidogokidogo. Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, usingoje, 911.

*Ziwa limeganda na watoto wanataka kusimama juu.* Hapana. Baridi ya hapa haishiki vya kutosha kuaminika.

*Kifundo kimeteguka.* Usivue kiatu, utashindwa kukivaa tena. Kaza kamba, tafuta fimbo, rudi polepole.

*Pakingi imejaa Great Falls.* Geuza gari, endelea na River Road mpaka Swains au Pennyfield. Mto ni uleule.

*Mtoto amegoma katikati ya njia.* Kumbeba ni kosa, atataka hivyo hivyo mpaka mwisho. Mpe kazi: ahesabu kobe, atafute alama inayofuata kwenye mti, ashike picha ya ramani. Mimi huwa nabeba mandazi manne ambayo siyatangazi mpaka tumevuka ukuta wa bwawa.